Maumivu ya kifua hayangoji kafyu iishe

USIKU mmoja wa Aprili 2020, mwanamume wa miaka 54 anayeishi Umoja Innercore aliamka saa nane akihisi kana kwamba mtu ameketi juu ya kifua chake. Jasho lilikuwa likimtoka ingawa kulikuwa na baridi, taya lilimuuma na mkono wake wa kushoto ulikuwa mzito. Mkewe alimpashia maziwa moto, kwa sababu kwa miaka mingi walijua kwamba mzee ana vidonda vya tumbo. Maziwa hayakusaidia. Wakatazama saa ukutani. Kafyu ingemalizika saa kumi na moja alfajiri. Wakaafikiana wangoje.

Alifika kwangu saa kumi na mbili na robo, akiwa ameteremka ngazi za orofa nne kwa miguu yake mwenyewe. Kipimo cha ECG kilichukua dakika chache tu kuonyesha kwamba sehemu ya mbele ya moyo wake ilikuwa imekosa damu, na kwa maelezo yake mwenyewe ilikuwa imekosa kwa zaidi ya saa nne. Alipona, ukitaka kuita hivyo. Leo yu hai, lakini moyo wake hauna nguvu, miguu humvimba, na familia ililazimika kuhamia nyumba ya chini kwa kuwa hawezi kupanda hata orofa moja bila kusimama kupumzika.

Sikielezi kisa hiki, mpendwa msomaji, ili kumlaumu mama huyo. Tukumbuke hali ilivyokuwa. Kisa cha kwanza cha korona nchini kilitangazwa na aliyekuwa Waziri wa Afya, Bw Mutahi Kagwe, siku ya Ijumaa, Machi 13, 2020. Wiki mbili baadaye, Machi 27, kafyu ikaanza, ikawa hakuna kutoka nje kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Jioni ya Machi 30, mvulana wa miaka 13 aliuawa kwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao huko Kiamaiko, polisi walipokuwa wakitekeleza kafyu hiyo. Aprili 6 usafiri wa kuingia na kutoka eneo la jiji ukapigwa marufuku, na Mei Eastleigh ikafungwa kabisa. Ni nani angetoka nje saa nane usiku kutafuta teksi kwa sababu ya kitu alichodhani ni gesi tumboni?

Kafyu iliondolewa Oktoba 20, 2021, sikukuu ya Mashujaa. Mnamo Mei 2023, Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba korona si dharura ya kimataifa tena. Lakini mazoea ya wakati ule hayakuondoka pamoja na kafyu, na hilo ndilo linalonifanya niandike. Hadi leo napokea asubuhi na mapema wagonjwa ambao maumivu yao yalianza usiku wa manane. Siku hizi hawataji kafyu. Husema walingoja kupambazuke, au hawakutaka kumsumbua jirani, au lango la ploti lilikuwa limefungwa na mwenye ufunguo amelala. Janga jingine litakuja siku moja, na heri litukute tukijua la kufanya.

MFEREJI NA STIMA

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo hata magazetini huchanganywa, yaani mshtuko wa moyo na moyo kusimama.

Moyo ni msuli. Kazi yake ni kusukuma damu mwilini, lakini nao wenyewe unahitaji damu, na huipata kupitia mishipa midogo iliyouzunguka kwa nje. Mkazi wa Umoja anayeamka alfajiri kukinga maji kabla mifereji haijakauka ataelewa mara moja. Kwa miaka mingi mafuta hujijenga ndani ya mishipa hiyo, hasa kwa mtu mwenye shinikizo la damu, kisukari au anayevuta sigara. Siku moja utando wa mafuta hayo hupasuka, damu huganda juu yake kama inavyoganda juu ya kidonda, na mfereji huziba. Sehemu ya msuli iliyokuwa ikitegemea mfereji huo huanza kufa polepole. Huo ndio mshtuko wa moyo. Mgonjwa huwa macho, huzungumza, na kama tulivyoona, anaweza hata kuteremka ngazi. Ana muda, lakini si mwingi. Dawa ya kuyeyusha donge la damu, au waya mwembamba wenye kipira unaopitishwa mkononi hadi kwenye moyo ili kufungua mshipa, husaidia zaidi ya yote katika saa moja au mbili za kwanza. Kila saa inayoongezeka hupunguza faida, na baada ya saa 12 wengi huwa wamekwisha kupoteza kile tulichotaka kukiokoa.

Moyo kusimama ni jambo jingine. Hapo si maji yaliyokatika, ni stima. Moyo hupiga kwa mpangilio wa umeme wake wenyewe, na umeme huo ukivurugika, msuli hutetemeka tu bila kusukuma chochote. Mtu huanguka katika sekunde chache. Hajibu na hapumui ipasavyo, na ubongo huanza kuharibika baada ya dakika chache. Kila dakika inayopita bila mtu yeyote kumsaidia hupunguza nafasi yake ya kupona kwa asilimia kati ya 7 na 10. Fanya hesabu mwenyewe uone dakika kumi zinaacha nini.

Mambo haya mawili yana uhusiano. Mfereji ulioziba unaweza kuzima stima wakati wowote, na ndiyo sababu mtu aliyelalamika kifua saa nane anaweza kukutwa amekufa kitandani saa kumi na moja.

KORONA ILIVYOUUMIZA MOYO

Watu wengi wanakumbuka korona kama maradhi ya mapafu. Kweli ilishambulia mapafu, lakini pia ilichochea uvimbe kwenye kuta za mishipa na kuifanya damu igande kwa urahisi, huku moyo ukilazimika kufanya kazi maradufu kwa hewa haba. Kwa hiyo tungetarajia wagonjwa wa moyo waongezeke hospitalini wakati huo. Kilichotokea ni kinyume.

Nchini Marekani, vituo tisa vikubwa vya kutibu moyo vilihesabu wagonjwa waliofikishwa na ile aina mbaya zaidi ya mshtuko mwanzoni mwa janga, vikakuta wamepungua kwa asilimia 38. Je, mishtuko ilikuwa imepungua? Wagonjwa walikuwa nyumbani. Katika majimbo manne ya Lombardia, kaskazini mwa Italia, watu 362 walisimamiwa na moyo nje ya hospitali katika siku 40 za kwanza za janga mwaka 2020. Siku kama hizo mwaka 2019 walikuwa 229. Mjini New York, kuanzia Machi 1 hadi Aprili 25, 2020, wahudumu wa ambulensi waliwashughulikia watu 3,989 ambao moyo ulikuwa umesimama, ilhali mwaka uliotangulia walikuwa 1,336. Mjini Paris idadi ilikaribia kuongezeka maradufu, wengi zaidi wakaangukia nyumbani kwao, na walioguswa na mtu kabla ya ambulensi kufika wakapungua. Wengine kati ya hao waliuawa na korona yenyewe. Lakini wengine waliuawa na kuchelewa.

Kwetu Eastlands, kliniki zilikaa tupu mwezi wa Aprili na Mei 2020 kwa namna ambayo sijawahi kuona. Watu wa presha na sukari waliacha kuja kuchukua dawa. Waliniambia baadaye kwamba hawakuogopa ugonjwa tu. Waliogopa kuonekana wakihema, wapelekwe karantini, ambayo mwanzoni mtu aliilipia mwenyewe, kisha jirani wawaone wakichukuliwa na watu waliovaa mavazi meupe toka kichwani hadi miguuni.

Na langoni mwa hospitali mambo hayakuwa rahisi. Kukosa pumzi, kifua kubana na uchovu ni dalili za korona, na ni dalili za moyo vilevile. Bawabu aliyekabidhiwa kipima joto chenye umbo la bastola hakuwa na namna ya kutofautisha. Mgonjwa wangu mmoja, mama wa miaka 67 ambaye moyo wake ulikuwa umeshindwa na mapafu yakajaa maji, alirudishwa mara mbili kwenye lango la kituo ambacho sitakitaja. Hakuwa na korona. Naomba kila msomaji akumbuke kwamba Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inaifanya hospitali yenye uwezo wa kutoa matibabu hayo ikakataa kuwa imetenda kosa lenye faini. Sheria hizo hazikusimamishwa na korona, na hazitasimamishwa na janga jingine. Zitaje langoni kwa upole lakini kwa sauti.

Yapo yaliyofanywa vizuri pia. Dkt Jemimah Kariuki wa Hospitali Kuu ya Kenyatta aliona wajawazito wakishindwa kufika hospitalini usiku, na mnamo Aprili 2020 ukaanzishwa mpango wa Wheels for Life. Mama alipiga simu bila malipo, akazungumza na daktari, na ikibidi akatumiwa teksi au ambulensi iliyoruhusiwa kupita vizuizi vya polisi. Mpango ule ulikuwa wa wajawazito. Lakini ulionyesha kwamba kafyu inaweza kuwepo na mgonjwa akapita, mradi mtu amelifikiria jambo hilo kabla ya saa nane usiku.

MAUMIVU YAKIANZA

Sijui ni nani aliyewaambia wakazi wa Nairobi kwamba kila kinachouma kati ya kitovu na koo ni vidonda vya tumbo. Nimewaona wanaume wazima wakinywa dawa ya gesi chupa nzima huku moyo wao ukifa. Vidonda vya tumbo huwasha na kuunguza, aghalabu hupanda na kushuka kulingana na chakula, na mtu huvizoea. Maumivu ya moyo hubana, hulemea, kama mzigo au kama mshipi unaokazwa. Huweza kusambaa kwenye bega, mkono, shingo, taya au mgongo. Huja pamoja na jasho baridi, kichefuchefu, kuishiwa pumzi, au hofu ambayo mgonjwa hawezi kuieleza. Yakidumu zaidi ya dakika 15, au yakija na jasho hata kabla ya hapo, usiendelee kuyachunguza.

Korona na homa nyingine za mapafu kwa kawaida hujijenga kwa siku kadhaa, zikiwa na kikohozi na joto la mwili. Moyo huja kwa ghafla. Hata hivyo, wanawake, wazee na wagonjwa wa kisukari mara nyingi hawapati maumivu makali. Huchoka tu ghafla, wakatapika au kuhema. Ukishindwa kutofautisha, chukulia kwamba ni moyo, uvae barakoa na uende. Kazi ya kutofautisha ni yetu sisi.

Mketishe mgonjwa, aegemee ukuta au mto, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo. Asitembee. Asioge kwanza, asibadilishe nguo. Mpe aspirini ya miligramu 300 aitafune, si kuimeza nzima, kwa sababu ikitafunwa huingia haraka kwenye damu na kuzuia donge lisikue. Vile vidonge vidogo vya miligramu 75 ambavyo watu wa presha huandikiwa, atafune vinne. Panadol haifanyi kazi hii, wala dawa nyingine za maumivu unazouziwa dukani. Usimpe aspirini mtu ambaye dawa hiyo humdhuru, anayetapika damu au kupata choo cheusi, wala mtu ambaye mdomo umepinda au upande mmoja wa mwili umelegea, kwani huyo huenda amepatwa na kiharusi na aspirini yaweza kumwongezea kuvuja damu kichwani.

Wakati wa janga ulisambazwa ujumbe wa simu uliowaambia watu kwamba ukipatwa na mshtuko wa moyo ukiwa peke yako, ukohoe kwa nguvu mfululizo. Upuuze. Ukiwa peke yako, tafuna aspirini, fungua mlango wa nyumba ili watu waweze kuingia, kisha piga simu ukiwa umeketi.

AKIANGUKA

Hapa nina la kukiri. Julai 2020, mchana, mwanamume mmoja alianguka kituoni cha matatu huko Mtindwa. Nilipofika, watu wapatao thelathini walikuwa wamemzunguka kwa mbali, hatua nne au tano, kama wanaotazama moto. Hakuna aliyemgusa. Mtu alisema kwa sauti kwamba ni korona. Nami, daktari, sikumgusa pia. Nilirudi kliniki mbio kutafuta glavu na barakoa ya pili, na nilipokuwa nikirudi tena nilijua kwamba dakika nne zilikuwa zimekwenda. Nilibonyeza kifua chake kwa muda mrefu. Hakuamka.

Sijui kama angeamka nikianza mapema. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikiwafundisha watu wa ploti, wa makanisa na wa vyama vya akina mama jambo moja ambalo wataalamu waliliafiki mapema mwaka 2020, kwamba kwa mtu mzima aliyeanguka ghafla mbele yako, huhitaji kuweka mdomo wako kwenye mdomo wake. Mikono inatosha. Damu yake bado ina hewa ya kumtosha kwa dakika kadhaa. Kinachokosekana ni pampu, nawe unaweza kuwa pampu hiyo.

Mtikise mabega, mwite kwa sauti. Asipojibu, tazama kifua chake kutoka ulipo, bila kuinamisha shavu lako karibu na mdomo wake. Hapumui? Au anakoroma na kutweta mara moja moja kama samaki aliyetolewa majini? Huko kutweta huwadanganya wengi wakadhani mtu bado anapumua, na ndiyo makosa ninayoyaona mara nyingi kuliko mengine yote. Si kupumua. Anza.

Mtume mtu mmoja kwa jina lake, au umwonyeshe kwa kidole, apige simu. Ukipaza sauti kwa umati kwamba mtu apige simu, kila mmoja atamngoja mwenzake. Funika mdomo na pua za aliyeanguka kwa barakoa, leso au shati, nawe uvae barakoa kama unayo. Akiwa juu ya kitanda au kochi, mshushe sakafuni, kwa kuwa godoro hula nguvu zako zote. Piga magoti kando yake. Weka kiganja katikati ya kifua, kwenye ule mfupa wa katikati, kiganja cha pili juu yake, nyoosha viwiko, ubonyeze moja kwa moja kwenda chini kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, kisha uachie kifua kiinuke chote. Kasi ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, yaani karibu mara mbili kila sekunde. Hesabu kwa sauti ili usipunguze. Huenda ukasikia mbavu zikialika. Endelea, mbavu huunga.

Kazi hii huchosha kuliko kuchota maji. Baada ya dakika mbili mtu mwingine achukue zamu bila kuacha nafasi. Usimmwagie maji, usimpe soda, usimpepee huku ukingoja. Mahali penye mashine ya kushtua moyo kwa umeme, kama vile viwanja vya ndege na baadhi ya maduka makubwa, mtu aikimbilie. Ukiiwasha hukuongoza yenyewe kwa sauti.

Watoto ni tofauti. Moyo wa mtoto aghalabu husimama kwa sababu alikosa hewa kwanza, alizama au alikabwa na chakula, na huyo anahitaji kupuliziwa pumzi pamoja na kubonyezwa. Mzazi anayelala naye kitanda kimoja tayari amevuta hewa yake, kwa hiyo asiogope.

Ukimaliza, osha mikono na uso kwa maji na sabuni. Katika janga, mwambie mhudumu wa afya kwamba ulimsaidia mtu, ili ufuatiliwe. Hatari kwako ipo, siwezi kusema haipo, lakini kwa mtu mwenye barakoa anayebonyeza kifua tu ni ndogo ukiilinganisha na ile ya aliye sakafuni, ambaye bila wewe atakufa bila shaka.

LANGO, NGAZI NA GARI

Vitabu vya huduma ya kwanza huandikwa na watu wanaoishi katika miji ambayo ambulensi hufika kwa dakika chache. Umoja si hivyo. Ambulensi inaweza kuwa upande wa pili wa jiji, barabara za ndani zimebanwa na vibanda na magari yaliyoegeshwa, na nyumba zilizokuwa za orofa moja zimegeuka majumba ya orofa saba yasiyo na lifti. Kwa hiyo mipango yenu ifanywe kulingana na mahali mnapoishi.

Piga simu ya dharura kwanza. Msalaba Mwekundu wa Kenya hupatikana kwa 1199, na polisi kwa 999 au 112. Taja mtaa, jina la ploti na alama inayojulikana, kama kanisa au kituo cha matatu, kwa sababu namba za nyumba zetu hazimsaidii dereva mgeni. Ukiambiwa ambulensi itachukua muda mrefu na mgonjwa yu macho, tafuta gari lolote umpeleke. Hapa natofautiana na baadhi ya wenzangu wanaosisitiza ambulensi pekee. Mgonjwa anayezungumza, akiwa ndani ya teksi inayosonga, ana nafuu kuliko aliye kitandani anayengoja king'ora. Asiendeshe gari mwenyewe, wala asipakiwe kwenye bodaboda. Atelemshwe ngazi akiwa ameketi kwenye kiti imara kilichoshikwa na watu wawili au watatu, mmoja akitangulia mbele kuangaza.

Aliyeanguka na hapumui, abonyezwe hapo hapo alipo. Usikubali wamkimbize ngazini huku kifua kimeachwa. Ikibainika kwamba hakuna ambulensi inayokuja kabisa, ndipo atafutiwe gari lenye nafasi ya kumlaza, naye aendelee kubonyezwa humo ndani. Haifai sana, najua, lakini ndiyo hali.

Kisha lango. Katika mikutano ya wapangaji huzungumzwa takataka, maji na kelele za baa. Naomba siku moja muulizane ufunguo wa lango huwa kwa nani baada ya saa tano usiku. Ploti moja ya Umoja Two iliamua funguo tatu ziwekwe kwenye orofa tofauti, na namba za majirani wawili wenye magari zibandikwe ukutani kwenye ngazi. Haikuwagharimu hata shilingi mia tano.

Kafyu ikirudi siku moja, usingoje iishe. Vaa barakoa, washa taa za ndani za gari ili mgonjwa aonekane, endesha polepole kwenye kizuizi, na useme ni dharura ya moyo unaelekea hospitali fulani. Kama ana kadi ya kliniki, iwe mkononi.

Wakazi wengi wa Umoja wako karibu zaidi na Hospitali ya Mama Lucy Kibaki, iliyo na idara ya dharura inayofanya kazi usiku na mchana. Vyumba vya kufungulia mishipa kwa waya viko katika hospitali chache za Nairobi, zikiwemo ile ya Kenyatta, Aga Khan, Nairobi, Mater na Karen. Usizunguke jiji ukichagua. Fika kwenye iliyo karibu yenye mashine ya ECG, kipimo kifanyike katika dakika kumi za kwanza, aspirini itolewe kama haijatolewa, kisha ulizeni mara moja kama wana dawa ya kuyeyusha donge au watampeleka kwingine, na lini. Kuuliza si utovu wa adabu.

Jambo la kwanza ambalo daktari atataka kujua ni saa ambayo maumivu yalianza. Iandike kwenye karatasi au kwenye kiganja chako kabla ya kuondoka nyumbani, maana katika fadhaa husahaulika, na tiba nzima hutegemea saa hiyo. Beba dawa zote anazotumia, hata za miti shamba, na useme wazi kama alitumia dawa za kuongeza nguvu za kiume siku hiyo au siku mbili zilizopita, kwani zikichanganywa na kidonge kinachowekwa chini ya ulimi huweza kushusha presha hadi mtu azimie. Wanaume huficha hili mbele ya wake zao. Basi aniambie tukiwa wawili. Na mtu yeyote mwenye presha au sukari ambaye amewahi kupimwa ECG akiwa mzima aombe nakala, aipige picha na kuihifadhi kwenye simu. Nikiwa na picha ya zamani ya kulinganisha, naweza kutambua badiliko jipya ambalo vinginevyo lingenichukua saa nzima na vipimo viwili vya damu.